Muziki wa Kufokafoka na Vijana wa Singida

Mzee aketiye barazani mjini Singida baada ya sala ya alasiri husikia sauti mbili kwa wakati mmoja. Upande huu watoto wa chuoni wanasoma Juzuu Amma kwa kuitikiana. Upande wa pili, kijiweni pa bodaboda, spika ndogo yatoa sauti ya kijana anenaye upesi upesi juu ya mdundo, wala haimbi kama waimbaji waimbavyo. Mzee hukunja uso akasema, "Kelele za wahuni." Na yule kijana wa kijiweni huenda akawa ni mwanawe wa kumzaa, naye maneno yale ayajua kwa moyo tangu mwanzo hata mwisho, na lau angeulizwa Suratul-Mulk angekwama katikati.

Somo hili ni kwa wawili hao. Mzee ana haki katika baadhi ya asemayo, na kijana ana haki katika baadhi ya apendayo. Lakini wote wawili wanahukumu kabla ya kujua, mmoja kwa kuchukia na mmoja kwa kupenda. Na nyumba nyingi zimeingiwa na ugomvi kwa sababu hii: baba amevunja redio, mtoto ameondoka nyumbani, na mama amebaki akilia kati yao.

ASILI YAKE

Fahamu, ewe msomaji, yakuwa muziki huu, uitwao kwa jina lake la kwao hip-hop, haukuzaliwa katika majumba ya fahari. Ulizaliwa Bronx, upande wa kaskazini wa jiji la New York huko Marekani, katika miaka ambayo watu wengi wa pale walikuwa wamevunjiwa makazi yao ili ipite barabara kuu, iliyojengwa tangu mwaka 1948 hata 1972. Nyumba nyingi zilizosalia zilichomwa moto au kuachwa magofu. Wakazi wake walikuwa Wamarekani weusi, watu wa Puerto Rico, na wahamiaji wa visiwa vya Karibi. Vijana wao walijigawa kwa magenge, wakapigana na kuuana. Mwezi wa Disemba 1971, baada ya kuuawa mtu aliyekwenda kusuluhisha ugomvi, wakuu wa magenge yale walikutana wakapatana. Na tangu hapo ikawa rahisi kidogo kwa kijana wa mtaa huu kwenda kucheza katika mtaa ule asirudi maiti.

Tarehe 11 Agosti 1973 kijana mmoja mzaliwa wa Jamaika, Clive Campbell, aliyejulikana kwa jina la Kool Herc, alipiga muziki katika chumba cha chini cha nyumba namba 1520 ya barabara ya Sedgwick. Karamu ile ilikuwa ya dada yake, Cindy, aliyetaka kupata fedha za kununulia nguo za kwendea shule. Herc alitazama akaona yakuwa watu huchangamka zaidi pale waimbaji wanaponyamaza ikabaki ngoma tupu. Basi akatumia mashine mbili na santuri mbili zilizo sawa, moja ikiisha sehemu ya ngoma aingiza ya pili, hata sehemu ya sekunde chache ikawa ya dakika nyingi. Juu ya ngoma ile akatokea mtu wa kunena kwa vina. Mambo manne yakakua pamoja: kuchezesha santuri, kughani, kucheza kwa kujizungusha chini, na kuchora kuta. Santuri ya kwanza ya namna hii iliyouzwa sana ilikuwa ya Sugarhill Gang, mwaka 1979. Mwaka 1982 ukatoka wimbo "The Message" wa Grandmaster Flash na wenzake, uliosimulia uchafu, umasikini na kukata tamaa kwa watu wa mitaa ile. Na hapo ndipo wengi walipofahamu yakuwa kitu kile si mchezo wa karamu tu.

Jambo moja lampasa Mwislamu kulijua hapa. Katika nyimbo za Marekani vijana husikia maneno kama "Allah" na salamu za Kiislamu, wakafurahi wakidhani yakuwa wote wasemao vile ni ndugu zao katika dini. Sivyo. Wako Waislamu kweli kweli, kama Yasiin Bey, ambaye albamu yake ya mwaka 1999 yaanza kwa Bismillahi. Lakini wengi wa wale wa zamani walifuata kundi liitwalo Asilimia Tano, lililoanzishwa Harlem mwaka 1964, na kundi hilo hufundisha yakuwa mtu mweusi ndiye Mungu. Neno ni lile lile, itikadi ni nyingine kabisa, wala hapana ubaya kumweleza kijana tofauti hii kwa upole kabla hajaieleza vibaya yeye mwenyewe mbele ya wenzake.

KUFIKA KWAKE TANZANIA

Katikati ya miaka ya 1980 filamu za kucheza kwa kujizungusha zilifika Dar es Salaam katika kanda za video, na vijana wakaiga kucheza kabla hawajaiga kughani. Nyimbo zilikuwa kwa Kiingereza, na walioimba walikariri maneno wasiyoyajua maana. Mwaka 1991 yalifanywa mashindano yaliyoitwa Yo! Rap Bonanza, na Saleh Jaber akajulikana mji mzima kwa kuchukua wimbo wa Mmarekani na kuutia maneno ya Kiswahili. Hilo lilikuwa jambo dogo kwa kulitazama, lakini ndilo lililofungua mlango: watu walisikia, pengine kwa mara ya kwanza, yakuwa lugha yao yaweza kubeba mdundo ule. Mwaka 1993 likaundwa kundi la Kwanza Unit.

Wakati ule Tanzania Bara ilikuwa na redio moja tu, Redio Tanzania ya serikali, nayo haikuwa na haraka ya kupiga nyimbo hizi. Jina "kufokafoka" lilitokana na masikio ya watu wazima: waliona ni mtu anayefoka, yaani anayemkaripia mwenziwe. Sheria ya mwaka 1993 iliruhusu redio za watu binafsi, Radio One ikaanza mwaka 1994, na humo ndimo lilimoenea jina la Bongo Fleva. "Bongo" ni ubongo, na ni jina la utani la Dar es Salaam, mji ambao asiyetumia akili hali. Mwaka 1995 Joseph Mbilinyi wa Mbeya, aitwaye Mr. II na baadaye Sugu, alitoa kanda yake "Ni Mimi". Halafu likaja kundi la Hard Blasters, na mmoja wao, Joseph Haule aitwaye Profesa Jay, akatoa peke yake mwaka 2001 albamu "Machozi, Jasho na Damu". Ndani yake mna wimbo "Ndio Mzee", unaomwigiza mtu wa siasa aahidiye mambo makubwa yasiyoweza kuwa, na watu wanamwitikia. Wazee waliokuwa wakiuita muziki huu wa kihuni walicheka, na mtu akicheka na kitu amekwisha kukipa nusu ya nyumba.

Tangu hapo kila mji ulitoa watu wake: Tanga ikatoa Wagosi wa Kaya na Mwana FA, Morogoro ikamtoa Afande Sele, Mwanza ikamtoa Fid Q, Arusha ikatoa X Plastaz. Wasichana nao hawakukaa nyuma. Zay B na Sister P walisikika mwanzoni mwa karne hii. Singida haikutajwa sana katika orodha hizo, na sababu zake zitakuja mbele.

NGOMA YA BENI

Akisema msemaji, "Haya hayakupata kutokea zamani," ajibiwe yakuwa yalitokea. Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa na mwanzoni mwa ya ishirini ilizuka katika miji ya pwani, Lamu na Mombasa, ngoma iliyoitwa Beni. Vijana walivaa nguo za askari wa Kizungu, wakajipa vyeo vya jeshi lao, wakapiga matarumbeta na ngoma kubwa, wakajigawa kwa vyama vilivyoshindana, Marini na Arinoti. Mashindano ya karamu yaliwatia watu madeni. Wakati wa Vita Kuu ya kwanza askari na wapagazi waliieneza bara, na reli ya kati, iliyokwisha kufika Tabora tangu mwaka 1912 ikipita Manyoni na Itigi, ikaibeba kama ilivyobeba chumvi na nguo. Mashekhe walikemea. Wamisionari walikemea. Maofisa wa serikali waliogopa kuna siasa ndani yake. Hapana aliyefaulu kuikomesha kwa kukemea. Ilikwisha kwa sababu vijana walipata mambo mengine.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1947, aliwaandikia watu wa zama zile juu ya kuiga Wazungu katika mambo yasiyo na faida. Maneno yake yalikuwa makali, lakini msomaji mwangalifu ataona yakuwa hakulaumu kuchukua elimu na ufundi; alilaumu kuchukua vazi na kuacha elimu. Mizani hiyo yafaa hata leo. Kijana wa Singida aliyejifunza kutoka Marekani namna ya kupanga sauti katika kompyuta, na aliyejifunza huko kuvaa suruali chini ya kiuno, amejifunza vitu viwili, wala si haki kuvihukumu kwa hukumu moja.

JE, NI HARAMU?

Swali hili ndilo linaloulizwa mwanzo, na ndilo linalojibiwa kwa haraka kuliko yote. Lina sehemu mbili: maneno na ala.

Ama maneno, kughani ni namna ya ushairi, na ushairi una khabari yake katika dini. Mwisho wa sura ya Ash-Shu'araa washairi wamelaumiwa, kisha wametolewa katika lawama wale walioamini na kutenda mema. Basi lawama haikuwa ya vina bali ya wenye kusema wasiyoyatenda. Mtume, sala na salamu zimshukie, aliwekewa Hassan bin Thabit mimbari msikitini mwake ili awajibu kwa mashairi makafiri waliomtukana. Ka'b bin Zuhair, aliyekuwa adui, alikuja na kasida yake, naye akavikwa joho la Mtume mwenyewe. Hawezi mtu aliyesoma khabari hizi kusema yakuwa kupanga maneno kwa vina ni dhambi.

Ama ala, hapo wanazuoni wamekhitalifiana tangu zamani. Wengi wao, na katika madhehebu ya Shafi ambayo ndiyo ya watu wengi wa Afrika Mashariki, wamezuia ala za nyuzi na za kupuliza, wakaruhusu dufu katika harusi na sikukuu. Ibn Hazm wa Andalusi aliziona hadithi za kuzuia kuwa dhaifu. Ghazali katika Ihya alifungua mlango mzima juu ya kusikiliza, akatazama maneno, msikilizaji, mahali na wakati, kabla ya kutoa hukumu. Kijana akitaka kufuata wenye kuzuia, wako wenye kughani bila ala yoyote, kwa kinywa na makofi tu. Mzazi atakaye kumkataza mwanawe kwa hoja ya ala, naye nyumbani hufungulia taarabu na rumba, ajue yakuwa mtoto ameona.

UFUNDI WA MANENO

Wengi husema yakuwa muziki huu waharibu Kiswahili. Wako waharibuo, na lugha yao ya vijiweni hudumu msimu mmoja kisha hutupwa. Lakini yafaa kutazama kazi yenyewe ilivyo. Shairi la kawaida la Kiswahili lina beti za mistari minne, kila mstari mizani kumi na sita, nane kabla ya kituo na nane baada yake, na vina katikati na mwishoni. Mghani hahesabu mizani, huhesabu mapigo. Kila mstari wake hukaa juu ya mapigo manne, na ubeti wake kwa desturi una mistari kumi na sita. Ndani ya mapigo manne aweza kutia silabi sita au kumi na tano, mradi asianguke nje ya ngoma.

Na hapa Kiswahili kina neema na mtihani. Kila neno lake la asili huishia kwa irabu, na mkazo huwa katika silabi ya pili toka mwisho, basi kina cha mwisho hupatikana bila taabu. Mtoto wa miaka saba aweza kuoanisha "kitabu" na "hesabu". Kwa hiyo mjinga huona amekwisha kuwa fundi. Fundi wa kweli hutafuta vina vya silabi mbili na tatu, huvificha katikati ya mstari, hulichukua neno lenye maana mbili akalitumia zote mbili. Watu wa Mombasa waliomsikia Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, akijibizana kwa mashairi na washairi wa Lamu na kuzipambanua siri kwa mafumbo, wangemfahamu Fid Q pasipo kufasiriwa, ingawa suruali yake ingewastaajabisha.

Linganisha haya na chuo cha Kurani cha mtaani. Mtoto yule yule asemekanaye ana kichwa kizito chuoni amehifadhi nyimbo ishirini ndefu bila kupigwa hata kiboko kimoja. Kichwa si kizito. Nyimbo zile zasema kwa lugha aifahamuye juu ya mambo aliyoyaona, na aziimbapo wenziwe humsifu. Na chuoni husoma asichoelezwa maana, na akikosea hupigwa. Mwalimu akiudhika kwa maneno haya na ajaribu mwezi mmoja kueleza tafsiri ya sura fupi kila siku kabla ya kuihifadhisha, kisha atazame.

MADHARA YAKE

Haya yote hayaondoi madhara, nayo yako, wala mzee hakuyaota.

La kwanza ni uwongo. Katika nyimbo nyingi kijana husifu magari asiyo nayo, fedha asizozishika, na wanawake asiowajua. Msikilizaji wa Ilongero au Kiomboi, ambaye baba yake huuza magunia machache ya alizeti kwa mwaka mzima, huanza kuona haya kwa baba yake. Kosa si la umasikini. Umasikini haukupata kumtia mtu haya mpaka mtu mwingine amwambie yakuwa ni haya. Huu ni mlango ambao kamari ya simu na mikopo ya haraka hupitia, na wenye biashara hizo wamejua vema kutumia nyimbo kujitangaza.

La pili ni heshima ya mwanamke. Baadhi ya nyimbo humtaja mwanamke kama nyama buchani. Mwenye dada hawezi kuzisikiliza mbele yake, na hiyo yatosha kuwa kipimo: wimbo ambao kijana huuzima dada yake akiingia, amekwisha kuuhukumu mwenyewe.

La tatu ni ulevi. Bangi imesifiwa katika nyimbo za namna hii tangu Marekani hata Dar es Salaam, na nyuma ya bangi kwa baadhi yao ilikuja heroini. Langa Kileo, mghani wa Dar es Salaam aliyefariki mwaka 2013 angali kijana, alikuwa amejitokeza mbele ya watu akaeleza namna dawa zilivyomteka na namna alivyopigana nazo. Ushuhuda wake, Mungu amrehemu, una nguvu kuliko hotuba mia za watu ambao hawakupata kuonja.

Lakini haki ni kutaja upande wa pili. Katika miaka ya mwanzo ya karne hii, wakati Ukimwi ulipokuwa ukizika watu kila kata na wazee wakiona aibu kuutaja kwa jina, wahubiri wengi walinyamaza na waghani wakasema. Mwana FA aliimba "Alikufa kwa Ngoma". Ferooz pamoja na Profesa Jay waliimba "Starehe", khabari ya mtu anayekufa akijuta. Wagosi wa Kaya waliimba juu ya wauguzi wanaowanyanyasa wagonjwa hospitalini. Vijana walisikia maonyo haya kwa watu waliowapenda. Ni swali gumu kwa mwenye mimbari: kwa nini maneno yale yalitoka studio kabla ya kutoka msikitini?

KUSEMA KWELI MBELE YA MWENYE NGUVU

Watu wengi wa Bara waliona ajabu mwaka 2010 Sugu alipochaguliwa kuwa mbunge wa Mbeya Mjini. Mwaka 2015 Profesa Jay akachaguliwa Mikumi. Mwaka 2020 wote wawili wakashindwa, na Mwana FA, yaani Hamis Mwinjuma, akaingia bungeni kwa Muheza, na mwaka 2023 akafanywa naibu waziri wa wizara iliyo na utamaduni na sanaa. Basi neno "wahuni" limekuwa zito kulitumia.

Wako waliolipia maneno yao. Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa Morogoro kwa wimbo wake "Wapo", kisha akaachiliwa kwa agizo la Rais mwenyewe, na wimbo ukaruhusiwa. Aprili mwaka huo huo Roma na wenziwe walichukuliwa na watu wasiojulikana kutoka studio ya Dar es Salaam, wakaonekana baada ya siku tatu, naye akaeleza yakuwa waliteswa. Mwaka 2018 Sugu alifungwa kwa maneno aliyoyasema juu ya Rais katika mkutano wa hadhara, na mwaka huo huo nyimbo kadhaa za wanamuziki mbalimbali zilizuiwa zisipigwe redioni, nyingine kwa sababu ya matusi yaliyo dhahiri. Baraza la Sanaa la Taifa, lililowekwa kwa sheria ya mwaka 1984, ndilo lenye kuwaandikisha wasanii na kuwapa vibali, na kijana atakaye kupanda jukwaani na aanze huko.

Mzazi mwenye hofu hana kosa. Lakini na apambanue: kuna kijana anayetiwa hatiani kwa kutukana mama wa mtu, na kuna kijana anayetiwa hatiani kwa kuuliza fedha za zahanati zimekwenda wapi. Kuwapa wote wawili jina moja ni dhuluma kwa wa pili na zawadi kwa wa kwanza.

SINGIDA YENYEWE

Mkoa wa Singida, uliohesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 2 katika sensa ya mwaka 2022, uko katikati ya njia. Mabasi ya Dar es Salaam kwenda Mwanza hupita hapa, na video za muziki huonyeshwa humo ndani toka alfajiri. Mtoto auzaye mahindi ya kuchemsha dirishani mwa basi husikia wimbo mpya kabla ya mwalimu wake. Vitu hupita kwenda na kurudi, lakini studio kubwa, redio kubwa na wenye fedha za muziki wako Dar es Salaam, na anayetaka jina hupanda basi. Ndiyo maana vipaji vya hapa huhesabiwa kwa miji mingine.

Na hapa pana hazina ambayo vijana wenyewe hawaitazami. Wanyaturu, Wanyiramba, Wagogo wa Manyoni wenye zeze na marimba zao, Wataturu wafugaji, Wahadzabe wa Mkalama ambao lugha yao haina ndugu anayejulikana: yote haya katika mkoa mmoja. X Plastaz wa Arusha walimchukua Merege, Mmasai, wakaweka uimbaji wake wa kimila pamoja na kughani kwao, na Ulaya ikawasikiliza, kwa sababu hawakuleta kitu ambacho Ulaya ilikuwa nacho. Kijana wa Ikungi aghaniye kwa kuiga sauti ya mtu wa Kinondoni, naye nyumbani ana bibi ajuaye nyimbo za Kinyaturu za mavuno na za jando, amekaa juu ya kisima akiomba maji. Simu aliyo nayo mfukoni yatosha kuirekodi sauti ya bibi yule. Bibi hatangoja miaka ishirini.

KHABARI YA FEDHA

Limebaki jambo ambalo mzee na kijana waweza kulifanya pamoja, hata wakikhitalifiana katika mengine yote. Zamani za kanda, mghani aliuza kazi yake kwa msambazaji wa Dar es Salaam kwa fedha za mara moja, na kanda ikiuzwa mara elfu hakuona kitu. Zilipokuja simu, nyimbo zikauzwa kuwa miito, na sehemu kubwa ikabaki kwa makampuni. Sasa nyimbo huwekwa katika intaneti, na mtu wa kati ni yule aliyesajili akaunti kwa jina lake. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 yampa mtunzi haki katika kazi yake, lakini aliyetia sahihi ya kuuza haki hiyo ameiuza.

Basi kijana wa miaka kumi na tisa akiletewa karatasi na mtu aliyekuja na gari kutoka mjini, asitie sahihi siku ile. Ailete nyumbani. Isomwe kwa sauti mbele ya baba na mtu wa tatu ajuaye sheria, na yaulizwe mambo haya: kazi ni ya nani baada ya miaka mitano, akaunti iko kwa jina la nani, gharama za studio zatolewa kabla ya mgawo au baada, na akitaka kutoka atatoka kwa kulipa nini. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 katika Suratul-Baqara, ni juu ya kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Baba aijuaye aya hiyo ana neno la kumfaa mwanawe katika muziki, hata kama mdundo wenyewe hauwezi kuuvumilia. Nakala moja ibaki kwa msanii, na nyingine iwekwe katika sanduku la nyumbani pamoja na hati za shamba.